Kifungu cha Mama na Mtoto

Nilitoka Malindi asubuhi moja ya manyunyu nikiwa na begi la nguo na sanduku la bati ambalo sikumruhusu utingo aliguse. Ndani ya sanduku mlikuwa na spika, nyaya zake na sauti: sauti za pomboo, za nyangumi nundu, na za bunduki za hewa ambazo meli za kutafuta mafuta huburuta majini. Siku yote ya kwanza iliishia kwenye basi. Ukishapita Mariakani, harufu ya bahari hukatika. Nimehama miji mingi maishani, lakini kila nikifika pale huona kama kuna kitu nimekisahau nyumbani, na siwezi kusema ni kitu gani.

Nairobi nilipokewa na watu wawili ambao ningekaa nao miezi iliyofuata. Mmoja alikuwa mwanasheria wa serikali aliyeongoza msafara wetu wa kukusanya maoni, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, ambaye sote tulimwita Madam. Wa pili alikuwa dereva, mzaliwa wa Meru, mtu wa maneno mengi na mwendo wa taratibu. Tulipita Thika na Sagana, tukala Embu. Baada ya Embu barabara ile haina nia ya kwenda moja kwa moja popote. Inashuka kwenye bonde la mto, inavuka daraja, inapanda, na kabla injini haijapumua inashuka tena. Dereva, ambaye kila mtu wa pwani kwake aliitwa Mombasa, alinitazama kwenye kioo.

"Sasa Mombasa, nieleze polepole. Tunapeleka samaki ya bahari kwa watu wa mlima?"

Nilimwambia kwamba nyangumi si samaki.

"Hiyo utawaambia huko. Mimi hata ukisema ni ng'ombe, kazi yangu ni usukani."

Madam hakucheka. Alinieleza vizuri, kwa kuwa nilikuwa mgeni kwenye kazi ile, kwamba kanuni za kelele za chini ya bahari zikipita zitakuwa za nchi nzima, na kanuni ya nchi nzima haiwezi kupita bila wananchi wa kila upande kuulizwa, hata wale wanaoishi chini ya Mlima Kenya. Kampuni za mafuta zilikuwa zimekwisha kuandika maoni yao. Zilikubali karibu kila kitu. Zilikubali kuanza kufyatua bunduki kwa sauti ndogo na kuipandisha polepole, ili mnyama apate nafasi ya kuondoka. Zilikubali kuweka walinzi wa kuangalia maji. Kifungu zilichokikataa kilikuwa kimoja tu, kile kinachosema kwamba akionekana nyangumi mwenye mtoto karibu na meli, bunduki zisimame kabisa mpaka wapite. Sisi tulikiita kifungu cha mama na mtoto.

"Mikutano yote tuliyofanya hadi sasa hakuna aliyekitetea," alisema. "Tukimaliza Meru na Embu bila mwananchi kukipendekeza na mwingine kuunga mkono, nitalazimika kukitoa. Waliokipinga watakuwa ndio peke yao waliosema."

Nilitaka kumwuliza kwa nini mimi nisikitetee. Nilijua jibu. Nilikuwa mfanyakazi wa msafara, si mwananchi, angalau kwa miezi ile.

Kifungu kile nilikuwa nacho kabla hakijaandikwa. Nilifanya kazi misimu kadhaa kwenye meli ya kutafuta mafuta iliyotembea kati ya Kilifi na mpaka wa kaskazini. Kazi yangu ilikuwa kusimama juu, pembeni mwa chumba cha nahodha, na darubini shingoni, nikitafuta pumzi ya nyangumi. Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya, nami nimefanya nyingi. Asubuhi moja niliwaona mama na mtoto mbele yetu, karibu. Nikapiga simu chini kwenye chumba cha bunduki. Mkuu wa kazi alinijibu kwa upole kabisa, akaniuliza ni sheria gani ya nchi hii inayomtaka asimamishe. Sikuwa nayo. Bunduki ziliendelea. Mama aligeuka akaondoka kwa kasi. Mtoto alibaki akizunguka palepale. Tulimpita, nikamtazama kwa darubini mpaka akawa doa, kisha hata doa likaisha.

Mtu aliyekaa karibu na spika za harusi huamka masikio yakimlia. Kesho yake yakinyamaza, amepona. Yakipigwa tena na tena kabla hayajapona, kuna siku hayarudi. Nyangumi ni hivyohivyo, ila yeye anaishi kwa kusikia, maana chini ya maji jicho haliendi mbali. Tena mama nundu humwita mtoto wake kwa sauti ndogo sana, karibu ya kunong'ona, ili adui asisikie. Ukimharibia mtoto usikivu kidogo tu, wala si wote, sauti ile ndiyo ya kwanza kumpotea.

Meli ilikuwa imeagizwa irudi kwenye kipupwe, na kipupwe ndicho msimu ambao nyangumi hupanda kutoka kusini kuja kuzaa na kulea watoto wao.

Meru nilipanga chumba Makutano, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulingoja ukumbi, tukangoja barua ya kamishna, tukangoja mazishi ya mtu mkubwa yapite. Malori yalipiga honi chini ya dirisha, wapiga debe wakaitana, vijana wa miraa wakapita mbio na mizigo yao iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Nilikuwa nalala mchana kwa sababu sikuwa na la kufanya, na kila nikiamka nilikuwa nafikiri nyangumi wamefika wapi. Hawangoji kamishna. Nilimwuliza Madam mara nyingi kama hakuna njia ya kuharakisha, mpaka akaacha kunijibu. 

Mkutano wa kwanza wa Meru ulifanyika Kaaga, kwenye ukumbi wa shule. Watu walikuja wengi, wamevaa vizuri. Tulifungua kwa sala, kisha wimbo, kisha utambulisho. Kule mgeni hatambulishwi harakaharaka. Kila aliyeketi mbele alisimama, akatajwa cheo, akapigiwa makofi, akasalimia, akamtambulisha aliyekuja naye, naye akasalimia. Hata dereva alitambulishwa na kuulizwa ni wa ukoo gani, na jibu lake likazua mazungumzo marefu ya Kimeru yaliyomalizika kwa kicheko. Nilipopewa nafasi, jua lilikuwa limehama dirisha.

Nilieleza nilivyoweza. Nikacheza sauti za pomboo, watu wakafurahi. Kisha maswali yakaanza, yote kuhusu tembo. Tembo wanakula mahindi, wanavunja nyua, fidia haiji. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kama tembo si mamalia kama nyangumi, na kama ni mamalia kwa nini ofisi yetu haina kanuni juu ya mdomo wake. Baadaye mzee aliyeketi mbele alisimama akatushukuru kwa kutoka mbali. "Sisi watu wa hapa tunaunga mkono yote," alisema. "Kila kitu mmesoma, tumekubali. Mwende salama."

Makofi yakapigwa. Nilimtazama Madam nikidhani tumepata. Akatikisa kichwa kidogo. Aliyeunga mkono yote, kwa utaratibu wetu, hajaunga mkono kifungu chochote. Nilimwomba auulize ukumbi kifungu kile kwa jina. Akauliza. Watu walitazamana kwa adabu, kisha mama mmoja akauliza kama nauli zitatolewa hapa ndani au kule nje.

Kianjokoma, upande wa Embu, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilikaribia kuwa nzuri. Kulikuwa na baridi ya ukungu, tulikuwa katika jengo la kanisa, wakulima wa kahawa na chai wakiwa na makoti na magambuti. Walikuwa wachache, na wachache husikiliza. Kijana mmoja nyuma aliuliza kama huyo nyangumi analipa ushuru, mwenzake akamjibu kwamba hata yeye halipi. Wakacheka, nami nikacheka, na ukumbi ukalegea. Nilicheza mlio wa bunduki, nikawaeleza kwamba unarudi kila baada ya pumzi chache, mchana na usiku, kwa majuma. Bwana mmoja mwenye kofia ya sufu aliinua mkono, akasema ana jambo kuhusu huyo mama na mtoto. Nakumbuka nilishika meza.

Kabla hajalisema, mlango ulifunguliwa na mtu akatangaza kwamba lori la mbolea ya ruzuku limefika sokoni na foleni imeanza. Hakuna aliyekimbia. Waliinuka kwa heshima, wakainamisha vichwa kutuaga, wakatoka mmoja mmoja, na bwana mwenye kofia akawa katikati yao. Nilimfuata mpaka sokoni. Nilimkuta kwenye mstari na kitambulisho mkononi, nikamsihi arudi aseme lile neno moja tu. Alinihurumia. Aliniambia kwamba akitoka pale hatapata mbolea mpaka msimu mwingine, na jambo lenyewe alilotaka kusema ni kwamba hakuelewa vizuri, angependa nirudie.

Usiku sikula. Dereva aliniletea chapati kwenye karatasi, akaiweka kitandani akaondoka bila utani.

Kulibaki mkutano mmoja, ambao haukuwa kwenye mpango wetu. Chifu wa kule chini, kwenye joto la Mbeere, upande wa bwawa, alisikia kuna watu wa serikali wanaozungumzia wanyama wa majini, akaomba tufike kwake pia. Madam alikubali kwa sababu ya njia. Tulikuwa tunarudi Nairobi. Nilikwenda bila matumaini yoyote. Nilifungua sanduku kama mtu anayefungua duka ambalo halina bidhaa.

Baraza lilikuwa chini ya paa la mabati, maji ya bwawa yakionekana mbele yetu, na mashamba madogo ya nyanya ukingoni. Nilicheza mlio wa bunduki. Hakuna aliyecheka. Watu walimgeukia mama mmoja aliyeketi safu ya kati, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Aliniomba niucheze tena. Nikaucheza. Akasimama.

Alisema kwamba miaka kadhaa nyuma, mkandarasi wa bwawa alipokuwa akilipua mwamba chini ya maji, wao juu walisikia kidogo tu, kama mlango unaofungwa nyumba ya jirani. Lakini viboko walitoka. Viboko hutoka usiku kula nyasi, kila mtu anajua na kila mtu huwapisha. Wiki ile walitoka saa za kazi, jua likiwaka, na walikuwa kama walevi. Mumewe alikuwa kwenye pampu ya kukanyaga, anamwagilia nyanya. Alikuwa ameyapa maji mgongo kiboko alipomfikia, kwa sababu mchana hakuna mtu anayeogopa maji.

"Hiyo kitu yako ya kusimamisha," aliniambia, "mimi napendekeza. Kama iko mnyama na mtoto hapo, wasimamishe. Na kama iko kiboko, pia wasimamishe. Uandike mbili."

Sauti nyingi zikaunga mkono kabla mwenyekiti hajauliza.

Kifungu kilikuwa kimepata mtu. Kisha nikamwona Madam ameweka kalamu chini. Alisimama akasema wazi, mbele ya wote, bila kuficha kitu, kwamba kanuni hizi ni za bahari tu. Kiboko akiingia ndani ya kifungu kile, watakaokisoma Nairobi watakitupa chote, kwa sababu watasema kimeandikwa na watu wasiojua kinahusu nini. Akawaomba wapendekeze cha nyangumi peke yake, na cha kiboko wakiandikie ofisi nyingine.

Chifu aliomba tupumzike kidogo, soda zikagawiwa. Nilimfuata yule mama alikosimama, karibu na tangi la maji. Nilimwambia kila kitu. Nilimweleza kuhusu meli inayokuja, kuhusu kipupwe, kuhusu yule mtoto niliyemwona akibaki nyuma. Nilimwambia sijawahi kuomba mtu kitu kama ninavyomwomba yeye. Nikamwambia jambo la kiboko litakuwa na siku yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Siku yake ni gani, baba?" aliuliza. "Tangu tumzike, gari ya serikali imekuja hapa kuuliza mambo ya maji leo tu. Huyo wako ni mnyama, na mimi namwonea huruma, kweli. Wangu alikuwa mtu. Sasa wewe unataka nimtoe nje ili wako aingie?"

Nilirudisha chupa ya soda ikiwa bado nusu.

Tuliporudi, Madam aliuliza tena. Mama hakubadilisha neno. Mwenyekiti, mzee wa kanisa, alisema pale kwao baraza hufungwa kwa sala, na yeye hawezi kusali juu ya jambo ambalo limesemwa na mjane likaachwa nje. Kwa hiyo liandikwe lote, halafu tusali. Watu wote wakasimama. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza katika mikutano yetu yote ukumbi mzima kusimama kwa ajili ya kifungu kile. Madam aliandika kama walivyosema, nyangumi na kiboko pamoja, akafunga daftari, tukasali.

Njiani alisema angejaribu. Namwamini kwamba alijaribu. Mimi niliteremkia Embu mjini, kwa sababu msafara ulikuwa umekwisha na chumba cha Makutano nilikuwa nimekirudisha. Nilipata kazi ya siku kwa siku kwenye ghala la nafaka, nikangoja. Nilikuwa nampigia simu Madam mpaka nikajionea haya. Wakati mwingine nilikaa nje ya ghala jioni na kujiambia kwamba pengine huko Nairobi kuna mtu mmoja, mmoja tu, aliyesoma habari ya yule bwana wa pampu akaweka kalamu chini akafikiri. Nilimpa mtu huyo sura. Nilimpa hata miwani.

Madam ndiye aliyepiga. Alisema kanuni zimepita. Bunduki zitaanza kwa sauti ndogo. Walinzi watakuwepo. Kifungu cha mama na mtoto kimetolewa. Nilimwuliza sababu, akasema sababu ni ileile aliyoitaja siku ile. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba meli imekwisha kutia nanga Mombasa, wanatafuta walinzi wazoefu, na jina langu liko kwao nikitaka.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nilijiona nimesimama tena pale juu, darubini shingoni, upepo wa bahari usoni, nilichokuwa nimekitamani kila siku tangu nipande mlima. Nikajiona nawaona mama na mtoto, nashika simu, na yule mkuu wa kazi ananijibu kwa upole. Safari hii angeweza hata kunionyesha ukurasa wa kanuni ambao kifungu kile hakimo.

Siku niliyoondoka nilishuka kwanza kwenye bwawa. Nilipanda pikipiki mpaka mwisho wa lami, kisha nikatembea. Nilimkuta yule mama shambani, si kwenye pampu; aliiacha tangu wakati ule, anachota kwa debe na mumewe hayupo wa kumsaidia. Alinikaribisha kivulini, akanipa maji. Aliuliza kama lile jambo lilifika.

Nikamwambia lilifika.

"Walisoma mambo ya mzee wangu? Kwa sauti?"

Nilimwambia kwamba Madam aliyasoma mwenyewe, na hiyo ilikuwa kweli, maana Madam alikuwa ameniambia.

"Wakasema nini?"

"Walisema kiboko si mnyama wa baharini."

"Hiyo hata sisi tunajua," alisema.

Kisha akaniuliza kuhusu nyangumi, na nikamweleza kwamba meli inaanza juma lile, na hakuna cha kuisimamisha. Alisema pole. Aliisema kama inavyosemwa kwa mtu aliyefiwa, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, iliyokuwa bado na tope. Nilitaka kumwambia pole na mimi, lakini yangu ilikuwa imechelewa miaka.

Sanduku nilimwachia chifu. Alisema spika itafaa barazani. Sikutoa zile sauti ndani. Nilirudi Embu mjini alasiri, nikasimama stendi nikisoma vibao vya magari kama mtu anayesoma orodha ya chakula bila njaa. La Mombasa lilikuwepo, karibu kujaa, na utingo alinishika mkono. Nilimwambia hapana. Nilipanda la kwenda Nakuru, kwa sababu ndilo lililokuwa likielekea mbali zaidi na bahari, na huko ningetafuta lingine.